Mjusi, Mamba na Uso wa Mtoto

Umepata kumwona mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka? Mara nyingi mama yake humfunika kwa kitambaa, maana majirani husema, "Amelogwa." Sikiliza jinsi uso unavyofanyika, nawe hutamhukumu mama huyo.

Fikiri kwanza yai la mjusi. Ndani yake mwili hujengwa kwa seli, ndizo chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Uso hauanzi ukiwa mzima. Huanza kwa vipande: kimoja cha paji na pua, viwili vya taya la juu, na viwili vya taya la chini. Seli hupelekeana habari. Moja hutoa kitu kidogo, ndicho mjumbe. Jirani yake hukipokea na kutii: ongezeka, acha, au geuka mfupa. Hivyo vipande hukua, husogeleana na kuungana.

Wajumbe wa mjusi, wa kuku na wa mtu ni karibu wale wale. Kinachotofautiana ni mahali, wakati na kiasi. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi walivyozuia wajumbe wawili katika uso wa kifaranga angali ndani ya yai. Mifupa ya mdomo wake ikawa mifupi na ya mviringo, ikafanana zaidi na ya mamba.

Tazama pia kaakaa, yaani dari ya kinywa. Kwa mjusi lina nafasi wazi, naye ni mzima. Kwa mamba limefungwa kabisa, kama kwa mtu.

Mdomo wa mtoto wa mtu huungana kati ya juma la 4 na la 7 la mimba. Kaakaa hufuata baadaye. Mama wengine hawajajua bado kwamba wana mimba! Habari ikipungua au ikichelewa, vipande havikutani. Huo ndio mpasuko. Urithi wa ukoo, moshi wa tumbako na dawa fulani vyaweza kuleta jambo hilo, uchawi haumo.

Basi ufanye nini? Mtoto asipoweza kunyonya, kamua maziwa yako, mshike wima, umnyweshe polepole kwa kikombe au kijiko kilicho safi. Mlete hospitali mapema. Mara nyingi mdomo hushonwa kati ya miezi 3 na 6, na kaakaa kabla ya miezi 18. Usimfiche mtoto wako. Mpasuko huu unashoneka.