Spika ya Muziki Nyumbani: Faida na Hasara kwa Afya ya Familia

Zamani nyumba nyingi za kwetu zilikuwa na redio moja tu, nayo ilikaa sebuleni ikasikilizwa na wote. Siku hizi kila kijana anao muziki wake ndani ya simu, tena huusikiliza peke yake kwa visikilizio vya kutia masikioni. Basi wazazi wengi hujiuliza: je, inafaa kununua spika ya kuunganisha na simu, ili muziki urudi sebuleni? Swali hili laonekana ni la fundi redio, lakini linagusa pia masikio, usingizi na usalama wa watoto. Hebu tulipime.

AINA ZA SPIKA

Ziko aina tatu kubwa. Ya kwanza ni spika yenye kitako, ambayo simu au kichezeo kidogo cha muziki huchomekwa juu yake, kikapiga muziki na kuchajiwa papo hapo. Hizi zilienea sana ng'ambo baada ya iPod kutolewa mwaka 2001. Ya pili ni spika ndogo isiyohitaji waya, ambayo mara nyingi hupokea pia flashi au memori kadi. Ya tatu ni sabufa, yenye boksi kubwa la kutoa mdundo mzito.

SIKIO LINAVYOUMIA

Ndani kabisa ya kila sikio mna chembe hai zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana. Hizo ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Mtu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzirudisha. Sauti kubwa huzichosha kwanza, ndipo masikio yanalia "nzii" baada ya sherehe. Zikichoshwa mara kwa mara hufa kidogo kidogo, bila maumivu, hata mtu asijue anapoteza nini.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ikifika 90, muda huo hushuka hadi saa 4 kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima! Kwa watoto kipimo ni kidogo zaidi: desibeli 75 kwa saa 40.

FAIDA ZA SPIKA

1. Umbali. Kisikilizio hupiga sauti mlangoni mwa sikio, lakini spika iko mbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Ndani ya chumba hupungua kwa kiasi kidogo kuliko hapo, kwa sababu kuta huirudisha.

2. Mzazi anasikia. Sauti ikizidi, au maneno ya wimbo yakiwa hayafai, mtu mzima atajua na kurekebisha. Kijana aliyeziba masikio hakuna anayejua amefungulia kiasi gani. Tena akiwa ndani ya daladala au sokoni Kirumba, huongeza sauti ili kushinda kelele za pale.

3. Usafi. Visikilizio vinavyopokezanwa hupeleka uchafu wa sikio la huyu kwa yule. Sikio linalotoa usaha likizibwa hubaki na unyevu, na kupona kwake huchelewa.

4. Usalama. Aliye na masikio wazi husikia mtoto akilia, sufuria ikichemka, au bodaboda ikija nyuma yake.

HASARA ZAKE

1. Kusumbua wengine. Mji wetu wa Mwanza umejengwa juu ya vilima vya mawe, nyumba moja juu ya nyingine. Sauti ya bondeni hupanda hadi kwa walio juu. Kando ya ziwa nako, jioni hewa iliyo karibu na maji ikipoa, sauti husafiri mbali kuliko mchana. Mdundo mzito wa sabufa hupenya hata ukuta wa tofali. Anayeumia ni mgonjwa, mama aliyejifungua, mtoto mchanga, na mvuvi wa dagaa aliyekesha ziwani akitaka kulala mchana. Kukosa usingizi siku nyingi huchangia shinikizo la damu, na hupunguza akili ya mwanafunzi darasani.

2. Betri za rimoti. Spika nyingi huja na rimoti ndogo yenye betri bapa, mfano wa kifungo cha koti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, yaweza kuanza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa 2. Ukishuku tu, usimtapishe wala usingoje dalili. Mkimbize hospitali yenye eksirei. Vivyo hivyo ikiwa ameitia puani au sikioni.

3. Kupitwa na wakati. Mdomo wa kuchomekea hubadilika. Kampuni ya Apple ilibadilisha wa simu zake mwaka 2012, ikabadilisha tena mwaka 2023. Spika yenye kitako cha zamani haipokei simu mpya. Usikubali kuuziwa kwa bei kubwa kitu ambacho simu yako haitaingia.

UKIAMUA KUNUNUA

- Chagua spika ndogo yenye tundu la waya wa kawaida, flashi na kadi. Sabufa haihitajiki katika chumba kimoja au viwili.
- Iweke mezani, mbali na kitanda na kichwa cha mtoto. Usiichaji juu ya godoro.
- Kipimo cha sauti ni hiki: mtu aliye umbali wa mkono akusikie bila wewe kupaza sauti. Ukilazimika kupiga kelele, punguza.
- Zima muziki usiku watu wanapolala.
- Aliyeshinda kwenye boti ya injini au mashine ya kusaga ameshatumia fungu la masikio yake kwa siku hiyo. Apumzike kwenye utulivu.
- Funga rimoti kwa skrubu au gundi ya karatasi, au iondoe kabisa.

WAHI HOSPITALI

Nenda ukapimwe ikiwa masikio yanalia zaidi ya siku moja, sikio linatoa usaha, au mtoto haitikii akiitwa au anachelewa kusema. Usitie mafuta wala majani sikioni. Aliyepoteza usikivu ghafla asingoje hata kesho. Kituo cha afya kikishindwa kitakupa rufaa. Bugando ipo kliniki ya masikio, pua na koo.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: spika ndogo moja, ikisikilizwa na wote kwa sauti ya kiasi, ni afadhali kuliko kila mtoto kuziba masikio yake. Lakini ikifunguliwa hadi mwisho, ubora huo wote hupotea, na hasara huenda mpaka kwa jirani. Redio ikiharibika fundi ataitengeneza. Sikio likifa halina fundi.