Je, Wajua? Asali ya Singida haizuii chafya
Chavua ya alizeti, zao linalopaka mashamba ya Singida manjano, ni nzito na hunata. Husafiri kwa nyuki zaidi kuliko kwa upepo. Anayepiga chafya na kuwashwa macho mara nyingi amevuta chavua nyepesi ya nyasi, ambayo nyuki hawaitegemei sana. Hapo ndipo imani kwamba asali ya nyumbani, hata ile nzuri ya Itigi na Manyoni, huondoa mzio kwa kuuzoesha mwili chavua iliyomo inapoyumba. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2002 halikuona asali ikishinda sharubati iliyotiwa ladha ya asali tu. Kikohozi, lakini, asali hukituliza kweli. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe kamwe: inaweza kubeba bakteria wa botulizimu.