Mwanao anarusha mpira kutoka kifuani? Msogeze karibu na ringi

Alkhamisi usiku, joto likishapungua, huwa nafundisha watoto wetu mpira wa kikapu hapa Muscat. Wote wanataka jambo moja tu: kurusha kwa mbali kama Stephen Curry.

Sasa tazama hesabu. Ringi iko juu mita 3.05. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75. Mtoto wa miaka kumi na moja nguvu hizo hana, kwa hiyo anaushusha mpira mpaka kiunoni, anaushika kwa mikono miwili na kuutupa kwa mwili mzima. Ukiingia, baba yake anapiga makofi. Mwili nao unashika mtindo huo huo, na akikua, beki yeyote mrefu anauzuia.

Curry mwenyewe alikuwa akirushia chini. Baba yake, Dell, aliyecheza NBA, ndiye aliyemtaka aupandishe mpira juu ya kichwa, akiwa bado sekondari. Kiangazi kizima kilimtaabisha, na kwa muda hata kurusha kwa mbali hakuweza.

Mimi naanza hatua mbili tu kutoka ringi. Mpira namba 5, si namba 7 ya wakubwa. Mkono mmoja, mpira ukae kwenye vidole, kiwiko kiwe chini yake. Mkono wa pili unaegemeza tu, hausukumi (hapa ndipo wengi wanapokosea, maana dole gumba halitulii). Magoti yapinde, mkono unyooke, kiganja kiangukie mbele kama anayechukua kopo juu ya kabati. Yakiingia saba katika kumi, tunarudi nyuma hatua moja. Kuruka kunakuja mwisho, na mpira uondoke kabla mwili haujaanza kushuka.

Mpwa wangu ana miaka kumi na mbili. Kwenye mechi moja ya skuli walimzuia kila alichorusha, akarudi nyumbani akisema kikapu basi tena. Nilipomsimamisha chini ya ringi alilia. "Mjomba, mimi si mtoto mdogo!" Baba yake naye hakupenda, maana uchaguzi wa timu ya skuli uko karibu na kijana anakosa kuliko zamani.

"Shemeji, nipe miezi miwili," nikamwambia.

Kweli anakosa, na huenda timu hii asiipate. Lakini timu ya skuli huchaguliwa kila mwaka, na mkono ulioharibika ukifika miaka kumi na saba kuunyoosha ni kazi ngumu.

Wiki iliyopita alirusha kutoka mstari wa mitupo huru, mita 4.6, na kijana mrefu kumzidi akaruka kumzuia. Mpira ulimpita juu ya vidole, ukagonga ringi, ukatoka.

"Haukuingia," shemeji akasema.

"Haukuguswa," nikamjibu. Alkhamisi hii tunarudi tena hatua mbili.