Kabla ya Kutia Mkono Mdomoni mwa Mbwa

Msikilizaji wetu wa Kigali, uwe Nyamirambo au Kimironko, mbwa mzima anayelinda lango lako ana meno 42. Mabaki ya chakula na vijidudu vikikaa kwenye meno, huganda na kuwa ukoga mgumu wa kahawia. Fizi huvimba na kutoa damu, mdomo hunuka, na jino hulegea.

Mzoeze mswaki laini na maji safi tangu akiwa mdogo. Usitumie dawa ya meno ya watu, kwa sababu ataimeza na inaweza kumdhuru. Mifupa iliyopikwa pia usimpe: huvunja meno na kuchoma koo.

Lakini mbwa akianza ghafla kutokwa na udenda na kushindwa kumeza, usidhani ni mfupa tu. Huenda ni kichaa cha mbwa. Usimshike, mwite daktari wa mifugo. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukapate chanjo. Dalili zikishamwanza mtu, ni nadra sana kupona.