Unajenga boti ya faiba? Panga pesa kabla ya kuchanganya resini
Boti ya faiba si kama nyumba, ambayo unaweza kuiachia kwenye msingi hadi pesa ipatikane. Resini ikiisha katikati ya kazi, tabaka ulilolaza linakauka kabisa, na linalofuata halishiki vizuri bila kupiga msasa kwanza. Hapo siku nzima imeenda, na vumbi lake linawasha vibaya sana.

Kwa hivyo piga hesabu mapema. Tuseme boti yako ina eneo la mita 10 za mraba, na unataka matabaka 3 ya mkeka wa gramu 450 kwa mita. Huo ni mkeka wa kilo 13.5. Resini huwa mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito huo, yaani kilo 27 hadi 34. Pesa hiyo iweke kwenye akiba ya simu, mbali na ya matumizi.

Dawa ya kugandisha usipime kwa macho: gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya resini, na jua la Mombasa likiwaka, kaa karibu na 10. Ikizidi, resini inaganda ndani ya ndoo, na hizo ni pesa zako zinatoa moshi.

Dukani, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Fundi naye mlipe kwa tabaka, sio yote asubuhi. Kabla ya kumtumia, kagua tabaka likiwa bado bichi: ukiona madoa meupe, hewa imebaki ndani. Mwambie apitishe rola tena, halafu ndio utume.