Kabla ya kumnunulia mbwa wa shamba vitamini

Hapa Pwani wengi wetu hatuweki mbwa ndani ya nyumba, lakini mwenye shamba na mbuzi anajua umuhimu wa mbwa wa ulinzi. Mimi ninao wawili, shamba langu liko upande wa Kilifi. Usiku wanazunguka ua, alfajiri wanafukuza tumbili kwenye mahindi.

Mwaka jana dume lilianza kukonda. Mate yakimtoka yenye harufu mbaya, na chakula akikiendea kisha anakiacha. Ami yangu akaniambia, "Mnunulie vitamini duka la dawa, huyu amechoka na kazi." Nilikuwa nishatoa pesa mfukoni.

Daktari wa mifugo alimfunua mdomo. Ufizi mwekundu, vidonda, na ulimi umeanza kuwa mweusi. Akaniuliza anakula nini. Nikamjibu kwa aibu: sima asubuhi, sima jioni, na mchuzi ukibaki.

Kumbe ndipo palipo tatizo. Mahindi yana vitamini B3, yaani niasini, lakini nyingi imefungika ndani ya punje na mwili hauipati. Mbwa anaweza kujitengenezea kiasi kutokana na protini ya nyama au samaki, ila sima haina protini hiyo ya kutosha. Ugonjwa huu wa ulimi mweusi ni ndugu wa pelagra, inayowapata watu wanaoishi kwa mahindi matupu. Mwaka 1937 mtaalamu Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliwatibu mbwa wenye ulimi mweusi kwa asidi ya nikotini, ambayo ndiyo niasini yenyewe. Aliipata pia ndani ya ini.

Wangu alipewa niasini kwa kipimo cha daktari, na mimi nikaamrishwa kubadilisha chakula.

Mbwa anayefanya kazi huhitaji chakula zaidi, hasa mafuta na protini. Akila vyema, vitamini za ziada huja na chakula hicho hicho. Vitamini C hujitengenezea mwenyewe kwenye ini lake, kwa hivyo kumnunulia ni kupoteza pesa. Vitamini D ikizidi hupandisha kalisi katika damu na kuharibu figo. Na vidonge vya kutafuna vya watoto, vingine vimetiwa utamu uitwao zailitoli, ambao humuua mbwa. Ukimpa chakula kamili cha dukani, hicho tayari kimetiwa vitamini. Usimwongezee juu yake ila kwa amri ya daktari.

Sasa nawapikia sima na dagaa, au mapafu na moyo wa ng'ombe kutoka kwa mchinjaji. Ini nawapa kidogo, mara mbili kwa wiki, kwani likizidi hujaza mwili vitamini A na kuumiza mifupa. Samaki simpi mbwa mbichi, baadhi yao wana kitu kinachovunja vitamini B1. Vitunguu sitii kabisa, ni sumu kwa damu yake.

Dume limerudi kazini. Ami bado anasema ni ile dawa ya daktari tu, si dagaa. Lakini nimemuona juzi akibeba mfuko wa mapafu kuelekea kwake, na yeye pia ana mbwa.