Peptidi hushika dhahabu kwa kasi gani?

Mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria, kinachotumika katika zahanati za Uganda na Kongo, mara nyingi hutokana na chembe za dhahabu zenye upana wa makumi ya nanomita, zilizovikwa kingamwili. Vazi hilo lisiposhika vyema, chembe hugandana na kipimo huweza kutoa majibu ya uongo.

Ndiyo maana watafiti hupima kasi ambayo protini, au vipande vyake vifupi viitwavyo peptidi, hushikamana na chembe hizo majini. Ugumu ni muda: hatua ya kwanza yaweza kumalizika kabla mtu hajafunga kichupa. Hivyo mashine husukuma vimiminika viwili vikachanganyika katika takriban milisekunde moja, na mwanga humulikwa papo hapo. Peptidi zilizotiwa rangi ing'aayo huzimika zinapogusa dhahabu. Kadiri mng'ao unavyofifia, ndivyo zilizoshika zinavyohesabika. Jaribio hurudiwa kwa viwango mbalimbali vya peptidi, kwani zikiwa nyingi hukutana na chembe upesi zaidi.

Peptidi zenye sisteini, iliyo na salfa, hung'ang'ania kuliko nyingi nyingine. Hata hivyo, zikishashika huendelea kujipanga upya kwa dakika, pengine saa kadhaa, na kipindi hicho ndicho kigumu zaidi kukisoma.